Shajara ya mradi: meza ya kuchunguzia kondo la uzazi, Pemba

Shajara hii inahusu meza moja iliyowekwa kwenye chumba kidogo kinachopakana na leba ya hospitali moja ya Pemba. Naiandika mimi, fundi sanifu wa maabara, pamoja na wakunga wa zamu na daktari wa wodi ya wazazi. Tunataka kujua kondo linasema nini pale mimba inapoingia presha, mtoto anapozaliwa njiti au anapozaliwa amekufa. Kila hatua ikimalizika naongeza maandishi, ili mwenzetu wa Unguja, Mafia, Tanga au Lamu anayetaka kuweka meza kama hii ajue wapi tulikwama na tumetumia fedha gani.

20 Januari 2025: Kwa nini kondo

Kondo hutoka, mkunga huligeuza pande zote mbili kuhakikisha halikubaki kipande tumboni, kisha huondoka leba. Kwa mimba iliyokwenda vizuri hilo latosha. Kwa mimba iliyoharibika, ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka mlangoni ndani ya saa chache na hakuna aliyeusoma.

Habari yenyewe huanza mapema mno. Siku ya sita au ya saba baada ya yai kurutubishwa, kiinitete hujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na seli zake za nje, ziitwazo trofoblasti, hugawana kazi. Nyengine huungana kuwa ngozi moja inayofunika vili, yaani vile vijitawi vya kondo vinavyozungukwa na damu ya mama. Nyengine huchimba ndani ya ukuta na kuzipanua ateri za mama zilizojisokota, ili damu iingie kwa wingi na kwa utulivu. Wiki za mwanzo seli hizo huiziba midomo ya ateri, na kiinitete hukua kwenye oksijeni kidogo. Baina ya wiki ya 10 na ya 12 ndipo damu ya mama inapoachiwa kikamilifu.

Upanuzi huo ukifanyika nusu nusu, mama hana dalili yoyote. Presha huja baada ya wiki ya 20, pengine mwezi wa nane, na wakati huo kondo lililokosa damu limeshaanza kumwaga protini iitwayo sFlt-1 kwenye damu ya mama. Protini hii huinasa nyengine, PlGF, ambayo mishipa ya mama inaihitaji. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya wajawazito wakipewa sFlt-1 nyingi hupandwa na presha na kuvuja protini kwenye mkojo. Kwa hiyo kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hiyo, ambacho wengi huku kwetu bado hukipeleka kwa mganga kwanza, mizizi yake ni kondo, na ndiyo maana tiba yake ya mwisho ni kondo kutoka.

Pemba si mgeni wa kazi hii. Kisiwa hiki kilikuwa kimoja kati ya vituo vitatu vya utafiti wa AMANHI, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, uliokusanya sampuli za wajawazito na za kondo na kuzihifadhi. Sisi ni wadogo sana mbele ya kazi ile. Tunachokitafuta ni utaratibu ambao hospitali ya kawaida inaweza kuuendesha kwa watu wake na fedha zake.

9 Februari 2025: “Zalio la mtoto wangu mtalipeleka wapi?”

Kibali cha kamati ya maadili kimepatikana. Fomu ya ridhaa tuliyoanza nayo ilieleza vizuri faida, madhara na usiri. Wazazi wengi wakasikiliza kwa adabu, wakakataa.

Mkunga mmoja mtu mzima ndiye aliyetufungua macho. Alisema fomu nzima haina neno hata moja kuhusu maziko. Huku zalio, ndilo hilo kondo, huzikwa. Bibi au shangazi wa mtoto hulichukua, likafukiwa karibu na nyumba, na jambo hilo lina heshima yake. Mama aliyesikia “sampuli ya kondo” alielewa kwamba zalio la mwanawe litasafirishwa. Mama mkwe mmoja alituuliza waziwazi: “Mwanangu, zalio la mtoto wangu mtalipeleka wapi?” Fomu yetu haikuwa na jibu.

Tumebadilisha mambo manne, na naona haya ndiyo yenye thamani kubwa kuliko chochote kingine kitakachokuja kwenye shajara hii.

Kwanza, tunachukua vipande vidogo tu, na kondo lote lililobaki hurejeshwa kwa familia siku ile ile. Maneno hayo yamekuwa sentensi ya kwanza ya fomu. Pili, jamaa mmoja wa kike anaruhusiwa kusimama mlangoni akaona tunavyofanya. Tatu, fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande, haigusi kabisa sehemu itakayozikwa. Vipande vinakatwa kwenye trei moja, dawa iko kwenye meza nyengine, kisu kilichogusa dawa hakirudi. Fomalini ni sumu, na hapa visima viko karibu na nyumba. Nne, kondo linarudishwa likiwa ndani ya mfuko mara mbili na kopo jipya lenye kifuniko. Zamani lilitolewa kwenye mfuko mweusi wa taka, na hilo peke yake lilikuwa likiwaumiza watu.

Jamaa wa visiwa vidogo vya Kojani na Makoongwe wanaotegemea mashua mara nyengine hawawezi kulichukua siku ile ile. Kwa ajili yao tumetenga rafu moja ya jokofu, yenye jina na saa, isiyochanganywa na sampuli zetu.

Gharama: makopo yenye kifuniko, Sh. 2,500 kila moja kwa bei ya jumla Chake Chake. Kuchapisha fomu upya, Sh. 40,000. Jokofu dogo lilikuwapo.

26 Februari 2025: Ridhaa ya mama anayedegedeka

Ridhaa ilikuwa ichukuliwe kliniki, mama akiwa ametulia, siyo uchungu umemshika. Huo ni msimamo sahihi na hatuuachi. Lakini wazazi wanaoletwa usiku na kifafa cha mimba, wale ambao mradi huu ni wao khasa, wengi hawakupita kliniki yetu. Tukifuata kanuni ile peke yake, tutakusanya makondo ya mimba salama tu.

Tumerudi kwenye kamati na pendekezo la hatua mbili. Mama akifika hajiwezi, jamaa yake huombwa ruhusa ya kuhifadhi vipande tu. Hakuna kipimo kinachofanywa. Mama akishapata nafuu, akiwa amekaa na amekula, mkunga humweleza mwenyewe upya. Akisema hapana, vipande vinarudishwa au vinaharibiwa kama atakavyo, na namba yake inafutwa daftarini. Kamati ilikubali na kuongeza sharti: anayemweleza asiwe yule aliyemzalisha, mama asije akaona haya kukataa. Ni sharti zuri na tunalifuata.

12 Machi 2025: Uzito usiolingana

Mwezi wa Ramadhani, zamu za usiku zimekuwa ngumu, lakini daftari limeshaanza kujaa, na safu ya uzito haisomeki. Kondo la mtoto mkubwa limeandikwa jepesi, la njiti zito.

Kila zamu ilipima kwa namna yake. Mmoja alipima kondo pamoja na tando za chupa na kiungamwana (kamba ya kitovu), mwengine na mabonge ya damu yaliyoganda nyuma, mwengine ndani ya kopo lenyewe. Kondo la mimba iliyotimia, likishaondolewa tando, kiungamwana na mabonge, huwa karibu gramu 500, upana wa sentimita 22 hivi na unene wa sentimita 2 na nusu. Uzito wa mtoto kwa kawaida ni mara sita hadi saba ya huo wa kondo. Bila ya kuviondoa hivyo, hesabu hiyo haina maana.

Utaratibu umebandikwa ukutani, kwa maandishi makubwa na picha: piga picha pande zote mbili, rula ikiwa pembeni, hesabu mishipa ya kiungamwana, ateri mbili na vena moja, kata kiungamwana kwenye mzizi wake, kata tando, toa mabonge, lakini kama bonge limeng'ang'ania nyuma ya kondo na kulibonyeza, pima ukubwa wake na uliandike, kwani huenda ndiyo dalili ya kondo kubanduka kabla ya wakati; mwisho pima uzito.

Jambo moja halikuwamo kwenye mpango wetu. Kiungamwana kikiachwa dakika moja hadi tatu kabla ya kufungwa, kama WHO inavyoelekeza, damu nyingi humwendea mtoto na kondo hubaki jepesi. Kikifungwa haraka, kondo hubaki na damu. Kwa hiyo saa ya kufunga kitovu sasa inaandikwa. Nasisitiza: inaandikwa tu. Hakuna mtoto atakayenyimwa damu yake ili safu yetu ya uzito ipendeze.

Gharama: mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, Sh. 65,000, na jiwe la kuihakiki kila asubuhi, Sh. 30,000.

18 Aprili 2025: Masika, umeme na vipande vilivyooza

Sehemu hii ndiyo iliyotugharimu zaidi.

Tunataka kujua jeni zipi zilikuwa zikifanya kazi ndani ya kondo, na kwa hilo tunahitaji RNA, yaani nakala ambazo seli huzitoa kwenye jeni zinazofanya kazi, ambayo huvunjika upesi mno. Wenzetu wa maabara kubwa hugandisha vipande kwa naitrojeni ya majimaji pale pale leba. Tuliliulizia. Ingebidi ivuke bahari, nusu ipotee njiani kwa kuvukizwa, na mtungi uombewe ruhusa maalum kila safari. Tumeliacha.

Badala yake tukatumia friza ya wodi. Umeme wa Pemba huja kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kwa siku nyingi ni wa kutegemewa. Usiku wa dhoruba ulikatika, jenereta ilipelekwa kwanza chumba cha upasuaji, kama inavyostahiki, na friza ikabaki gizani hadi alfajiri. Asubuhi barafu ilikuwa imeganda upya na kila kitu kilionekana sawa. Tulikuja kujua baadaye, maabara iliposema RNA ya sampuli zote za friza ile imekatika vipande vipande.

Suluhisho lina sehemu tatu.

Dawa ya kuhifadhia RNA, ambayo haihitaji barafu ya papo hapo. Kipande kinasuuzwa kwa maji ya chumvi ya dripu mpaka damu ya mama itoke, kinatumbukizwa kwenye dawa, kinakaa jokofuni kwenye nyuzi 4 usiku mzima, kisha kinapelekwa maabara kugandishwa. Awali haikufanya kazi hata hiyo. Vipande vilikuwa vinene, dawa ikahifadhi nje na kuacha ndani kuoza. Upande mmoja wa kipande lazima uwe chini ya milimita 5. Tunakata kama punje ya harage, na dawa iwe mara tano ya ujazo wa kipande au zaidi.

Kipima joto chenye kumbukumbu kimewekwa ndani ya jokofu. Barafu iliyoganda upya haionyeshi kwamba iliyeyuka. Kipima joto kinaonyesha.

Na saa. Saa kondo lilipotoka, saa kipande kilipoingia dawani. Tunalenga dakika 30. Ikizidi, sampuli haitupwi, lakini inawekewa alama na haitumiki kwa RNA. Kwa hadubini bado inafaa.

Hapa wakunga walisema jambo ambalo limeingia kwenye kanuni kwa maneno yao. Saa nane za usiku, mkunga mmoja, wazazi wawili, mmoja anavuja damu: sampuli imesahauliwa, na mtu asiulizwe. Ndivyo ilivyo. Mapengo yaliyomo kwenye daftari letu mengi ni ya nyakati hizo, na yeyote atakayechambua takwimu hizi lazima ajue kwamba kinachokosekana hakikukosekana kwa bahati. Mimba mbaya zaidi ndizo zenye mapengo zaidi. Kwa sababu hiyo sasa kila kuzaa kunaandikwa, hata pasipo na sampuli, pamoja na sababu ya kukosa.

Gharama: dawa ya RNA kupitia Dar es Salaam, Sh. 780,000 pamoja na usafiri. Kipima joto, Sh. 190,000. Sampuli zilizoharibika hazina bei. Kila moja mama aliitolea ruhusa.

22 Juni 2025: Doa jeusi kwenye slaidi

Slaidi za mwanzo, vile vioo vyenye vipande vyembamba vya kondo vya kutazamwa kwa hadubini, zimerudi, na karibu zote zina chembe za kahawia na nyeusi zilizotapakaa. Mtu wa kwanza kuziona alisema malaria.

Ingekuwa habari kubwa. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hujificha ndani ya kondo kwa kutumia protini yake iitwayo VAR2CSA, inayonata kwenye sukari ya uso wa vili, na huacha rangi nyeusi ambayo hubaki hata vimelea vikishaondoka. Lakini malaria Zanzibar imeshuka sana tangu miaka ya 2000, kwa dawa mseto, vyandarua na upigaji dawa majumbani, na mama hawa vipimo vyao vya haraka vilikuwa safi. Haikuingia akilini iwe kila slaidi.

Chanzo kilikuwa ndoo yetu ya fomalini. Ilikuwa imechanganywa na maji ya bomba peke yake. Fomalini isiyo na bafa, yaani chumvi za kuzuia tindikali, hugeuka tindikali, na tindikali ikikutana na damu iliyomo kwenye kondo hutengeneza chembe nyeusi. Tatizo ni kwamba chembe hizo na za malaria zote hung'aa chini ya mwanga uliopolarishwa, kwa hiyo kipimo hicho hakitenganishi. Kinachotenganisha ni mahali. Chembe za fomalini zimekaa juu ya tishu, ovyo, khasa penye damu nyingi. Za malaria zimo ndani ya chembe nyekundu za damu zenye vimelea, ndani ya seli zinazomeza uchafu, au zimenaswa kwenye faibrini, nyuzi za damu iliyoganda, baina ya vili.

Dawa yetu ya sasa, kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti kavu. Hakiki kwa karatasi ya pH, iwe karibu na 7. Andika tarehe kwenye chupa. Dawa iwe mara kumi ya ujazo wa tishu. Changanya penye dirisha na feni, na glavu, kamwe siyo mbele ya mjamzito.

Tangu hapo slaidi ni safi. Na kwa tahadhari, kila kondo sasa linapakwa damu yake kwenye slaidi tofauti kwa ajili ya malaria, kazi ya dakika chache.

Gharama: chumvi mbili za bafa, Sh. 210,000, zinatosha mwaka na zaidi. Karatasi za pH, Sh. 25,000.

31 Agosti 2025: Wapi pa kukata, nani wa kusoma

Tunafuata makubaliano ya Amsterdam, yaliyofikiwa na wataalamu wa kondo mwaka 2014 na kuchapishwa 2016. Bloki, yaani vipande vya tishu vilivyowekwa ndani ya nta, ziwe nne kwa uchache: moja ya tando zilizoviringishwa pamoja na vipande vya kiungamwana, tatu za kondo lenyewe, zikikatwa unene wote toka upande wa mtoto hadi wa mama. Zile tatu zitoke sehemu ya kati. Pembeni mwa kondo lolote, hata la mimba salama, damu huwa haba, na ukikata huko utaona maradhi yasiyokuwapo. Mwanzoni zamu zilikuwa zikikata pembeni kwa sababu huonekana ni kuharibu kidogo zaidi kitu kitakachozikwa. Tulilizungumza hilo na familia pia, na wakaafiki.

Pemba hatuna mtaalamu wa patholojia wa kukaa na slaidi hizi kila wiki. Zinasafiri. Sanduku la kwanza lilifika na vioo vilivyovunjika. Sasa bloki za nta zinabaki kwetu, slaidi zinafungwa kwenye sanduku la mbao lenye vijinafasi, na kila moja inapigwa picha kwanza kwa simu iliyofungwa kwenye hadubini.

Sitaandika matokeo kwa asilimia. Makondo bado ni machache na kufanya hivyo kungepotosha. Nitasema tunachokiona. Kwenye mimba za presha tunakuta sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, vili vidogo vilivyokomaa kabla ya umri wake, na ateri za mama ambazo hazikupanuliwa. Kwa baadhi ya watoto njiti tunakuta tando zimejaa chembe nyeupe za damu, alama ya maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, na mama hakuwa na homa.

Kulikuwa na mzazi ambaye mtoto wake alizaliwa amekufa. Nyumbani aliambiwa ni kwa sababu alikwenda kuchuma karafuu. Nyuma ya kondo lake palikuwa na bonge kubwa lililolibonyeza, na ateri zake zilikuwa nyembamba tangu mwanzo wa mimba. Daktari alimwita pamoja na mumewe na mama mkwe, akawaonyesha picha, akawaeleza kwamba jambo hili lilianza kabla hata hajajijua kuwa ana mimba. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kulia. Mimba ijayo atafika kliniki mapema, apimwe presha kila mara, na daktari ataangalia kama anafaa kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Kwangu mimi, karatasi ile aliyoondoka nayo inatosha kuwa sababu ya kuwa na meza hii.

5 Oktoba 2025: Kinachofuata

Kondo la mwisho wa mimba linaonyesha jinsi mambo yalivyoishia. Mwanzo wake, zile wiki 12, hatuwezi kuuona kwa kisu. Tangu 2018 maabara za Japani na Uingereza zimeweza kuotesha trofoblasti za binadamu na vijikondo vidogo ndani ya vyombo, na huko ndiko upanuzi wa ateri unakochunguzwa hatua kwa hatua. Sisi hatutaotesha seli. Tunachoweza kutoa ni kitu ambacho wao hawana: makondo ya wanawake wa hapa, yenye historia kamili ya mimba, yaliyochukuliwa kwa ridhaa safi.

Pengo ni damu ya mwanzo wa mimba. Wazazi wengi hufika kliniki mimba ikishaonekana, kwa kuwa kuitangaza mapema si desturi. Tunaanza na mashehia matatu, wajitolea wa afya wa kike wakipita majumbani kwa faragha, bila sare. Damu itakayopatikana itapimwa baadaye sFlt-1 na PlGF, ilinganishwe na kondo la mama yule yule. Kitendanishi, dawa ya kufanyia kipimo hicho, ni ghali na bado tunatafuta mfadhili. Mpaka hapo seramu, yaani maji ya damu, inahifadhiwa.

Kwa anayeanza na fedha kidogo: nunua kwanza makopo ya kurudishia zalio, mizani, chumvi za bafa na saa kubwa ya ukutani ya leba. Dawa ya RNA isubiri mpaka zamu zote zinapima uzito namna moja. Fomu yetu ya ridhaa na bango la ukutani tunampa yeyote anayetaka, abadilishe lugha ifae watu wake. Maandishi yajayo yatakuwa baada ya vuli, damu za shehia ya kwanza zikishaingia kwenye friza.